Uzi: Mheshimiwa akishastaafu, nani anampigia simu? Komedi ya Australia na kile ambacho waandishi wetu bado hawajakigusa

Mzee wa Remoti

Wakuu, salaam kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auwekee alama arudi kesho.

Kuna komedi ya televisheni ya Australia inaitwa The Ex-PM. Ilianza kurushwa Oktoba 2015 na ABC, shirika la utangazaji la umma la kule, na msimu wa pili ukatoka 2017. Aliyeitunga, na ndiye anayeigiza mhusika mkuu, ni Shaun Micallef, mtu aliyekuwa mwanasheria kwa takriban miaka kumi kabla ya kuingia kwenye uchekeshaji. Mhusika wake ni Andrew Dugdale, waziri mkuu mstaafu wa kubuni, wa tatu kwa kukaa muda mrefu madarakani. Muda anao tele, ila hana wa kuupoteza naye.

Hapo kwenye "wa tatu" mwandishi amefanya kazi kubwa. Australia ya kweli, wa kwanza ni Robert Menzies, zaidi ya miaka 18 ukijumlisha vipindi vyake viwili. Wa pili ni John Howard, miaka 11 na ushee. Wa tatu ni Bob Hawke, zaidi ya 8. Dugdale angeweza kupewa nafasi ya kwanza, au akafanywa wa miezi michache aliyeondolewa kwa aibu. Kwa kupewa ya tatu, anakuwa mkubwa kiasi cha kudai heshima, lakini ukubwa wenyewe unahitaji atambulishwe kila anapokwenda. Tabia yake yote imejengwa hapo.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mzee anadaiwa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake na hajaandika kitu cha maana. Analetewa mwandishi wa kumsaidia, binti anayeitwa Ellen (Lucy Honigman), akae naye nyumbani amchimbe hadi kitabu kitoke. Humo ndani yumo mke, Catherine (Nicki Wendt), yumo binti yao mtu mzima, wamo wasaidizi aliobaki nao. Mambo yake mengine yanashughulikiwa na Henry, anayeigizwa na John Clarke.

Huyu Clarke tusimpite. Alizaliwa New Zealand, akafariki Aprili 2017. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akifanya mahojiano mafupi ya kuigiza na mwenzake Bryan Dawe, yeye akiwa waziri au kiongozi yeyote wa wiki hiyo. Hakuwahi kuiga sauti ya mtu. Hakuvaa nywele za bandia, hakubadili mwendo. Alikaa kwenye kiti na suti yake, akajibu maswali kama mkubwa anavyojibu, na watu wote wakamjua ni nani. Alichokuwa anakiiga ni ile namna ya kukwepa.

Sasa hoja yangu. Sisi huku tumejenga uchekeshaji wa siasa juu ya sauti. Mchekeshaji akipatia kohozi la kiongozi, mkono wake na kofia yake, tumeshafurahi. Ni kipaji, na sikidharau hata kidogo. Lakini sauti inamhitaji kiongozi awe jukwaani. Akishuka jukwaani, akarudi kwake, akaamka Jumatatu bila ratiba, mwigaji hana tena cha kuiga, na hapo ndipo hadithi yenyewe inaanza. Hakuna aliyemfuata huko. Wapambe wameshahamia kwa aliyeingia, simu imetulia, mke amezoea kuendesha nyumba peke yake na sasa kuna mtu mzima sebuleni anauliza kwa nini chai imechelewa.

Nitoe picha moja. Mtaani kwetu yupo mbunge wa zamani, mtu mwema, sina ugomvi naye. Kuna msiba alikuja mapema, akapewa kiti cha mbele cha plastiki. Msema chochote akashika kipaza sauti, akasema itifaki imezingatiwa, akaanza kuita wa kutoa salamu za rambirambi. Mheshimiwa akafunga kifungo cha koti. Akaitwa mwakilishi wa mkuu wa wilaya. Mheshimiwa akatoa miwani na kikaratasi alichokikunja mara nne. Akaitwa diwani. Akaitwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kijana ambaye yeye mwenyewe alimlipia ada ya sekondari. Kisha likatangazwa zoezi la kuaga mwili. Mzee akakikunja kile kikaratasi, akakirudisha mfukoni, akaingia kwenye foleni na sisi. Hakuna aliyemchukia pale, na hakuna aliyekusudia kumdhalilisha. Walimsahau tu.

Mwandishi mwenye jicho angeitengeneza hiyo ikawa nusu saa ya televisheni, tukacheka hadi machozi, na tukampenda yule mzee kuliko tulivyompenda akiwa bungeni. Nani ataiandika?

Kobe wa Tanga

Mkuu heshima kwako, ila kwa hili Waaustralia walishapitwa na Wamarekani. Katazame Veep, msimu wa sita, mwaka huohuo wa 2017. Selina Meyer ameshatoka Ikulu ya Marekani baada ya urais wa muda mfupi, amefungua ofisi Bronx, kumbukumbu anaandikiwa na aliyekuwa msemaji wake, na anahangaika kupata pa kujenga maktaba ya urais wake. Anapelekwa Georgia, ile ya kule Kaukazi, kuwa mwangalizi wa uchaguzi. Kila kitu ulichokisema kimo, na kinachekesha zaidi.

Mzee wa Remoti

Kobe, kwa kuchekesha nakubali, Veep inachekesha zaidi. Ile ni mashine ya matusi iliyotiwa mafuta vizuri. Lakini angalia njaa ya Selina. Msimu mzima anawaza kurudi, na kweli anarudi kugombea. Yule hajastaafu, yuko mapumziko. Kinachomuuma ni kiti, na ukimpa kiti leo hadithi imekwisha.

Dugdale katika msimu wa kwanza hana mpango wa kurudi popote. Anachotaka ni mtu wa kumsikiliza. Ndiyo maana yule Ellen ni silaha kubwa: kalipwa ili amsikilize, na mzee, kwa kuwa hatimaye kapata msikilizaji, hataki kitabu kiishe. Na ndiyo maana msimu wa pili kwangu ulipwaya. Wakamrudisha kugombea ubunge kwenye uchaguzi mdogo, ikawa komedi ya kampeni kama nyingine zote. Nyumba ikapotea, mke akapungua, na kile kilichoifanya iwe tofauti kikaondoka pia.

Mtu wa Perth

Niongezee muktadha maana niko huku. The Ex-PM ilianza Oktoba 14, 2015. Mwezi mmoja kamili kabla ya hapo, Septemba 14, Tony Abbott aliondolewa na chama chake mwenyewe, akaingia Malcolm Turnbull. Miaka ile huku waziri mkuu alikuwa hangoji wananchi wamtoe. Wabunge wa chama walifunga mlango jioni, wakapiga kura, asubuhi mtu akapakia vitabu kwenye maboksi. Kevin Rudd alitolewa hivyo na Julia Gillard Juni 2010, Rudd akamrudishia Juni 2013, akashindwa uchaguzi Septemba mwaka huohuo. Turnbull naye yakamkuta Agosti 2018.

Kwa hiyo komedi hii ilipoanza, nchi ilikuwa na mawaziri wakuu wastaafu sita walio hai: Hawke, Keating, Howard, Rudd, Gillard na Abbott. Howard mwaka 2007 alipoteza uwaziri mkuu na kiti chake cha ubunge cha Bennelong katika uchaguzi mmoja. Watu walikuwa wanawaona hawa wazee kwenye viwanja vya ndege na kwenye kriketi. Watazamaji hawakuhitaji kuelezwa mstaafu ni mtu wa namna gani, walikuwa nao tele. Na serikali inawapa ofisi na wasaidizi, kwa hiyo ile ofisi ya Dugdale isiyo na kazi ya kufanya haikubuniwa kutoka hewani.

Mpwa wa Kisumu

Wadau, Kenya tusisahaulike. Sisi tulikuwa na Redykyulass mwishoni mwa miaka ya tisini, vijana watatu wakamwigiza Moi kwenye runinga wakati ambapo mtu alikuwa anafikiria mara mbili kabla ya kumtaja hata kwenye matatu. Halafu 2009 ikaja The XYZ Show ya vikaragosi, kazi ya Gado, ambaye kwa hakika ni Mtanzania wenu. Lakini mzee wa uzi ana haki: karibu yote ilikuwa ni sauti na sura.

Na malighafi tunayo hadi kwenye vitabu vya sheria. Sheria ya mafao ya rais mstaafu ya 2003 inampa pensheni ya asilimia 80 ya mshahara wa rais aliyeko. Inampa ofisi, madereva, makatibu, walinzi, na imeandika mpaka ukubwa wa injini za magari yake. Pia inamtaka asishike cheo katika chama cha siasa baada ya miezi sita tangu atoke. Fikiria hiyo ndani ya mswada: mzee ana madereva wanne, na hana pa kwenda.

Moi alikabidhi madaraka Uhuru Park tarehe 30 Desemba 2002, umati ukamzomea na kurusha matope. Akaenda zake Kabarak. Aliishi mpaka Februari 2020, na kwa miaka hiyo yote wanasiasa walikuwa wanapanda kwenda kwake kuomba baraka, wakiwemo waliokuwepo siku ya matope. Sebule ya Kabarak tu, na viti vya kusubiria, ni misimu mitano.

Mama Kijenge

Jamani mimi ni mama wa watu wazima na nitasema ninavyoona. Hawa ni wazee wetu. Mtu ameitumikia nchi, amechoka, mnataka mumuweke kwenye televisheni watoto wamcheke? Akiwa madarakani mchekeni kwa sababu anaweza kujibu. Akishatoka ni sawa na kumcheka babu yako. Kwetu haya hayakubaliki.

Mzee wa Remoti

Shikamoo mama. Nashukuru umesema, maana nilijua hoja hii itakuja na inastahili jibu la heshima.

Mama, tuangalie msiba wenyewe tulivyoukuta kwa wazee. Mtani akiingia msibani, Mngoni kwa Mhehe, Mnyamwezi kwa Mzaramo, anafanya nini? Anamwiga marehemu kitandani, anaeleza alivyokuwa mbahili, anadai deni la kuku, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Hakuna anayesema mtani amevunja heshima. Anayeachwa bila utani ndiye asiye na watu. Ninachokiomba ni komedi ya namna hiyo, iliyoandikwa na mtu anayempenda mhusika wake. Ile ya kumzomea mzee aliyeanguka mimi pia siitaki, na ikija nitakuwa upande wako.

Na wastaafu wenyewe hawafanani. Mwalimu aling'atuka urais Novemba 1985, akarudi Butiama akalima, akacheza bao, uenyekiti wa chama akauacha 1990, na mpaka anafariki Oktoba 1999 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Sumaye alipotoka uwaziri mkuu alikwenda kusoma Harvard. Pinda anajulikana kwa shamba na mizinga ya nyuki huko Dodoma. Kikwete mwaka 2022 ndiye aliyeongoza waangalizi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye uchaguzi wa Kenya. Hawa walijipatia kazi au walitafutwa, na mtu mwenye kazi ni vigumu kumwandikia komedi ya kustaafu.

Ndiyo maana, na hili ndilo nilitaka kulifikia, mhusika wetu asiwe rais wala waziri mkuu. Hao sheria imewawekea godoro, wakianguka hawaumii sana. Mhusika wetu awe waziri wa kawaida.

Mwandishi Kijana

Kaka mkubwa, mimi naandika miswada ya tamthilia, ndiyo kazi yangu. Nimesoma uzi wote kwa makini. Nikikuuliza kwa vitendo: waziri gani, anaanzia wapi, na nani wako naye? Maana wazo ni zuri lakini mtayarishaji atataka kuona kipindi cha kwanza.

Mzee wa Remoti

Swali zuri sana, mdogo wangu. Nikupe ninavyoiona, uchukue kitakachokufaa.

Anaanzia sebuleni kwake, saa mbili usiku, taarifa ya habari. Wote tunalijua lile tangazo kutoka Ikulu: uteuzi wake umetenguliwa, na atapangiwa kazi nyingine. Yeye hakupigiwa simu, analisikia pamoja na mke, watoto na wageni wawili wa kijijini waliokuja kuomba ajira ya kijana wao. Wageni wanaangaliana. Mmoja anaweka soda chini taratibu. Mke anasema tule chakula kisipoe.

Injini ya tamthilia nzima ni ile sentensi ya mwisho ya tangazo. Aliambiwa atapangiwa kazi nyingine. Anaisubiri. Hataki kuhama Dodoma maana anaweza kuitwa asubuhi. Hataki kuanza biashara maana itaonekana amekata tamaa. Suti imepigwa pasi. Simu haizimwi hata msikitini, au kanisani, utakavyoamua. Miaka inapita na yeye bado yuko kati ya kazi mbili. Dugdale alijua amestaafu. Wa kwetu hajui, na hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia. Hapo tumewapita Waaustralia.

Wahusika usiwajaze. Mke ndiye mhimili. Kwa miaka yote ya uwaziri alikuwa na genge la nafaka au duka la vitenge alilolificha kwa sababu mheshimiwa aliona linamshusha hadhi. Sasa duka ndilo linalolisha nyumba, na mheshimiwa anajikuta siku moja ameshika mita, anampimia mteja kitenge, na mteja anambishia bei bila kujua anabishana na nani. Mpe mke maneno machache. Asimsimange. Anayemsimanga mume ni rahisi kuandika na tumeshamuona mara elfu.

Halafu dereva. Gari la serikali lilirudishwa wiki ileile, lakini dereva amekuwa akiendesha bosi huyu miaka mingi kiasi kwamba siku za mapumziko anapita kumsalimia. Mheshimiwa hajui kuendesha barabarani, alishasahau. Waandikie kipindi kizima wakiwa ndani ya gari dogo la mke, dereva anamfundisha bosi wake kuingia kwenye mzunguko saa ya msongamano, na hakuna king'ora, hakuna anayepisha. Bodaboda wanampita kushoto na kulia. Mle ndani ya gari, kwa mara ya kwanza, dereva anaweza kumwambia alichokuwa anakisikia kutoka kiti cha nyuma miaka yote.

Na mpambe mmoja abaki. Wote wameondoka, huyu mmoja bado anakuja kila asubuhi na magazeti, anamsifia. Tumuone mwanzo kama chawa tu, tumcheke. Baadaye tujue kwa nini hajaondoka. Sikutajii sababu, itafute, lakini isiwe fedha.

Mwandishi wa kitabu simhitaji hapa. Kule kitabu kina soko, huku ataishia kuombwa achangie gharama ya kuchapa.

Kobe wa Tanga

Mzunguko wa Dodoma na bodaboda umeniua mkuu. Ila tuseme ukweli, hofu ipo. Mtayarishaji ataogopa kwamba waziri fulani wa zamani ataona ni yeye.

Mzee wa Remoti

Ataona ni yeye, na wengine ishirini wataona ni wao. Hiyo ndiyo faida ya kuacha kuiga sauti. Ukimpa mhusika sauti ya mtu fulani, umemtaja. Ukimpa suti iliyopigwa pasi na simu isiyolia, hujamtaja mtu, na kila mmoja atasema huyu ni jirani. Clarke aliishi kwa kanuni hiyo karibu miaka 30 kwenye televisheni.

Mpwa wa Kisumu

Mwandishi Kijana, ukiandika, yule mke mpe mwigizaji wa jukwaani, siyo wa sura nzuri ya matangazo. Mama Kayai wetu wa Vitimbi, ile komedi ya zamani ya runinga ya Kenya, alikuwa anaweza kumaliza ubishi wote wa Ojwang kwa kugeuka tu na kuangalia upande. Na hii ya kucheka kwa kurekodiwa muiache, inaharibu.

Mama Kijenge

Marahaba mwanangu, nimesoma yote. Hilo la duka la vitenge nimelielewa kuliko mnavyofikiri. Kama itaandikwa hivyo, na huyo mzee asitukanwe, nitaangalia. Ila msimfanye mke mjinga wa biashara, wanawake wa viongozi ndio waliosomesha wale watoto.

Mwandishi Kijana

Mama, nimekusikia. Nimeanza kurasa za kwanza usiku huu, pale wageni wawili wa kijijini wanapoangaliana. Naona yule anayeweka soda chini ndiye atakuwa wa kwanza kurudi asubuhi, siyo kuomba kazi, bali kumletea mzee mihogo. Nikifika mwisho wa kipindi cha kwanza nitaweka hapahapa mkikosoe.